Jinsi ya Kukagua Dola ya Fedha Inayodaiwa Haijawahi Kutumika

Shemeji yangu anayeishi Marekani aliachiwa dola tatu za fedha, za aina iitwayo Morgan, na mzee aliyekuwa akimuuguza, mbili zikiwa ndani ya makasha magumu ya plastiki na ya tatu ikiwa imefungwa kwenye leso, naye akataka kujua kama kweli ni zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Sarafu ya miaka zaidi ya 130 kubaki mpya si jambo la ajabu. Sheria ya Bland-Allison ya 1878 iliilazimu Hazina ya Marekani kununua kila mwezi madini ya fedha yenye thamani ya dola milioni 2 hadi 4 na kuyafua sarafu, ilhali wananchi wengi walipendelea noti, na kwa hiyo magunia ya sarafu elfu moja moja yakarundikana katika vyumba vya hazina. Dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa chini ya sheria ya Pittman ya 1918. Hazina iliposimamisha utoaji wa dola hizo mnamo Machi 1964 zilibaki karibu milioni 3, nyingi zikiwa za kiwanda cha Carson City, ambazo shirika la serikali liitwalo GSA liliziuza kati ya 1972 na 1974, kisha tena 1980.

Hatua ya 1: Pima. Tumia mizani ya sonara: sarafu iwe na gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, na isivutwe na sumaku. Iliyo ndani ya kasha la GSA, yaani lile gumu la plastiki ambamo shirika hilo liliiuzia, usiitoe ili uipime.

Hatua ya 2: Soma mwaka na alama ya kiwanda. Alama iko upande wa tai, chini ya shada: CC ni Carson City, O ni New Orleans, S ni San Francisco, na isiyo na alama ni ya Philadelphia. Carson City ilifua sarafu 1,136,000 za mwaka 1884, na zaidi ya 960,000 kati ya hizo zilikutwa katika shehena ya GSA. Kwa hiyo kuipata ya mwaka huo ikiwa safi si miujiza. Ya Carson City ya 1889 ilikutwa moja tu katika shehena hiyo, basi anayekuonyesha kasha la GSA lenye sarafu hiyo mwulize maswali mengi.

Hatua ya 3: Ikague kwenye mwanga. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Ile ya kwenye leso ilikuwa ya New Orleans, na nywele zilizo juu ya sikio la mwanamke aliyechorwa upande usio wa tai zilikuwa bapa kiasi kwamba nilimwambia shemeji aiuze kwa uzito wa fedha tu. Nilikuwa nimekaa chini ya taa ya mrija ya dari, ambayo hutawanya mwanga na kuficha kila kitu. Kwa kazi hii sikubali tena taa nyingine isipokuwa ya mezani yenye balbu moja, huku taa nyingine zote zikiwa zimezimwa. Ishike sarafu kwa kingo, iinamishe na uizungushe polepole. Isiyotumika huwa na mikanda ya mwanga inayozunguka juu yake kama njiti za gurudumu, na mikanda hiyo hupita hata juu ya shavu na kifua cha tai bila kukatika. Ikikatika na kuacha doa la kijivu lililofifia, hapo pamelika. Nywele bapa ambazo bado zina mng'ao ni dalili kwamba muhuri uligonga kwa udhaifu, na New Orleans inajulikana sana kwa hilo. Mikwaruzo shavuni isikutishe, kwa kuwa sarafu ziligongana ndani ya magunia. Kuna tahadhari mbili. Baadhi ya sarafu, hasa za Carson City, zina uso kama kioo, na mikanda yake huwa hafifu. Na iliyosuguliwa hung'aa kote kwa namna moja, mwanga ukiwa hauzunguki. Kama iko ndani ya kasha, hakikisha mkwaruzo unaouona si wa plastiki: wa plastiki husogea juu ya sarafu unapoiinamisha. Lenzi inayokuza mara tano inatosha. Inayokuza mara ishirini itakufanya uogope kila nukta.

Hatua ya 4: Usisafishe. Ndimu na majivu ni vya bangili za bibi. Weusi wa fedha mnunuzi huuvumilia, pengine huupenda, ila alama za kusugua hazifutiki.

Hatua ya 5: Acha kasha la GSA lilivyo, pamoja na sanduku na cheti chake, kwa sababu wanunuzi hulipia ushahidi huo. Zipo kampuni za kupanga madaraja ya ubora wa sarafu, kama NGC, zinazoweza kuipa sarafu daraja ikiwa humo humo. Isiyo na kasha iwekwe kwenye kikasha kigumu cha plastiki, kamwe si kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC unaoacha utando wa kijani.