Kabla ya kutoa dola 300 kwa hedifoni ya gemu isiyo na waya

Ukiuliza bei ya hedifoni kubwa ya gemu isiyo na waya katikati ya Lubumbashi, unajibiwa kwa dola, na si dola chache. Arctis Nova Pro Wireless ilitoka mwaka 2022 kwa karibu dola 350. Audeze Maxwell ya mwaka 2023 ilianzia karibu dola 300. Hizo ni bei za Marekani. Mzigo ukifika hapa, uwe umetoka Dubai kwa ndege au umepita mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, kwa barabara, umeshaongezewa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Kwa bei hiyo, karibu zote zina sauti nzuri, kwa hiyo sauti nzuri pekee haitoshi kukushawishi. Jiulize dola za ziada zinakununulia kitu gani ambacho hedifoni ya waya ya dola 100 haina. Jibu ni uhuru wa kukaa mbali na mashine, huku sauti ikikufikia bila kuchelewa. Kwa utamu wa muziki na usafi wa maiki, ya waya ya bei ya chini mara nyingi inalingana nayo au kuipita, maana pesa yake yote imeingia kwenye spika na maiki, haikugawanywa na betri na redio. Kama unacheza mita moja mbele ya kompyuta na waya haukusumbui, chukua ya waya. Kama televisheni iko upande mwingine wa sebule na watoto wanapita katikati, endelea kusoma.

Anza na mashine unayochezea

Watu wengi wanapoteza pesa hapa. Xbox haipokei sauti kwa Bluetooth, ina mfumo wake wa redio, na hedifoni isiyoandikwa Xbox kwenye boksi haitaungana nayo bila waya. Arctis hiyohiyo ina matoleo tofauti: lile la PlayStation na kompyuta halikubali kwenye Xbox, lakini lile la Xbox linakubali kwenye PlayStation pia. Boksi zake zinafanana sana, kwa hiyo soma maandishi madogo wewe mwenyewe.

PlayStation 4 na 5 nazo hazipokei hedifoni ya Bluetooth moja kwa moja. Zinahitaji kipokezi, kile kipande kidogo cha USB kinachokuja ndani ya boksi. Kitazame mdomo. PS5 ya kwanza ina tundu moja la USB-A (lile pana la zamani) na moja la USB-C (lile dogo la mviringo) mbele. PS5 Slim ina mawili ya USB-C mbele, na yale ya USB-A yako nyuma tu. Ukichomeka kipokezi nyuma ya mashine, mwili wa mashine wenyewe unaziba mawimbi, na sauti inaanza kukatika ukigeuza kichwa. Dawa ni waya wa kurefusha USB wa mita moja, ili kipokezi kikae wazi kikielekea unapoketi. PS4 haina USB-C kabisa, kwa hiyo kama kipokezi ni cha USB-C, dai adapta kabla ya kulipa.

Kwa simu, kipokezi cha USB-C huingia kwenye Android nyingi za sasa na kwenye iPhone kuanzia ya 15. Nintendo Switch inapokea sauti ya Bluetooth tangu mwaka 2021, lakini maiki haifanyi kazi kwa njia hiyo.

Mbona hatusemi utumie Bluetooth tu? Kwa sababu Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250. Kwenye mchezo wa kufyatuliana, unasikia hatua za adui akiwa ameshakulenga. Kipokezi kizuri cha mawimbi ya redio ya 2.4 GHz kinashusha muda huo hadi milisekunde 40 au chini yake. Tena ukiwasha maiki kwa Bluetooth ya kawaida, sauti yote inabanwa na kuwa kama ya mazungumzo ya simu. Hedifoni yenye Bluetooth peke yake, hata iandikwe gemu kwa herufi kubwa kiasi gani, usiihesabu.

Majaribio ya dukani

Usikubali kuonyeshwa video ya YouTube kama ushahidi. Programu za video zinachelewesha picha makusudi ili ilingane na sauti, kwa hiyo hata hedifoni mbaya itaonekana nzuri. Fungua mchezo, ingia kwenye menyu, bonyeza kitufe kile kile mara nyingi kwa haraka. Kila mbonyezo na mlio wake vinatakiwa kuja pamoja. Ukisikia mlio unakufuata nyuma, au muuzaji ameunganisha Bluetooth badala ya kipokezi, au hedifoni yenyewe haifai.

Kisha ongeza sauti hadi mwisho bila kucheza chochote. Mlio wa shiii hafifu ni wa kawaida, ila ukisikika ukiwa na sauti ya kati, utakuchosha kila usiku. Cheza toni nzito inayopanda taratibu kutoka 20 Hz hadi 200 Hz. Kitu kikitetemeka kama karatasi upande mmoja, spika ina kasoro au ilishaanguka. Tembea hadi nyuma ya ukuta mmoja: sauti ikikatika hapo, nyumbani itakatika pia, kwa sababu Wi-Fi za majirani zinatumia mawimbi yale yale ya 2.4 GHz. Matundu ya USB 3.0 nayo yanatoa kelele kwenye mawimbi hayo, kwa hiyo kwenye kompyuta epuka kubananisha kipokezi na diski ya nje.

Maiki irekodiwe kupitia kipokezi, na uisikilize rekodi yako mwenyewe. Hapa ndipo hedifoni ghali nyingi zinapoaibika: redio inabana sauti yako, herufi s na f zinafifia, nawe unasikika kama uko ndani ya pipa. Kama unacheza na timu au unarusha michezo moja kwa moja mtandaoni, jaribio hili lipe uzito kuliko yote.

Mwisho ivae dakika 20, ukiwa na miwani kama unavaa. Maxwell ina gramu 490; Arctis ni kama 340. Tofauti hiyo huisikii dakika ya kwanza, shingo inaisikia saa ya pili. Na joto la Oktoba linajulikana: mito ya masikio ya ngozi bandia itakutoa jasho, na jasho ndilo linaloifanya ipasuke na kubanduka mapema. Ile ya kitambaa inapumua vizuri, lakini vumbi jekundu la kiangazi linaishika. Hakikisha mito inachomoka kwa mkono na vipuri vyake vinauzwa. Iliyogundishwa kwa gundi ina maana siku mito ikiisha, hedifoni imeisha.

Betri

Wauzaji wanapenda kutaja saa: HyperX Cloud Alpha Wireless inatangazwa kwa saa 300, Maxwell kwa zaidi ya 80. Lakini hesabu kidogo. Hata yenye saa 30, ukicheza saa tatu kwa siku, unaichaji kila siku ya kumi, yaani kama mara 36 kwa mwaka. Betri za lithiamu huvumilia mamia ya chaji, kwa hiyo kuchaji peke yake hakutaiua. Inauawa na joto, na kukaa tupu kwa miezi. Ndiyo maana boksi lililokaa dukani miaka miwili ni la kuogopa: ichaji hapo hapo, na kama taa haijawaka baada ya nusu saa, achana nayo. Arctis Nova Pro ina betri mbili za kubadilishana, na kwa mji wenye mikato ya umeme sifa hii tunaithamini kuliko saa 300. Moja inachajiwa kwenye kituo chake, nyingine iko kichwani, na ikichoka unabadilisha betri peke yake.

Umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika unaweza kuunguza chaja rahisi na kilichochomekwa. Chaji hedifoni kutoka kwenye pawabanki. Tumia waya wa USB-A kwenda USB-C, maana baadhi ya vifaa vinakataa waya wa C kwa C. Ukiiweka bila kuitumia, iache na nusu ya chaji.

Bei kwa mwaka

Tuchukue mfano: hedifoni ya dola 300, usafiri na ushuru 40, mito ya kubadilisha 30. Ni dola 370. Ikidumu miaka mitatu, ni kama dola 123 kwa mwaka. Ya waya ya 100 ikidumu muda ule ule, ni 33. Tofauti ya dola 90 kwa mwaka ndiyo bei halisi ya kutokuwa na waya. Kwa anayecheza kila jioni akiwa mbali na televisheni, tunaona inalipa. Kwa anayecheza Jumapili tu, hailipi.

Kwa mwenye chumba cha gemu cha kulipisha kule Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, jibu ni hapana bila kusita. Vipokezi vitapotea, jasho la watu wengi litamaliza mito, na redio nyingi chumbani zitagongana.

Ukiamua kununua, lipa baada ya kulinganisha namba ya utambulisho (serial) ya boksi na ya hedifoni, na uandikiwe garanti kwenye risiti pamoja na namba hiyo. Iliyotumika bila kipokezi chake usichukue hata kwa nusu bei, kwa sababu si kila kampuni inauza kingine. Ukifika nyumbani, sasisha programu ya ndani ya hedifoni (firmware) kwa laptop yenye betri iliyojaa, na hedifoni pia iwe na chaji. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji kwenye kompyuta ya mezani, unaweza kubaki na hedifoni isiyowaka tena.