Tetekuwanga ikiingia kituoni: hatua kwa walezi

Walezi wenzangu, habari za kazi. Tetekuwanga ikimpata mtoto mmoja katika kituo chetu cha kulelea watoto, tufanye hivi.

1. Mtenge. Ukiona vipele vinavyogeuka malengelenge ya maji, hasa kifuani, mgongoni na usoni, mpeleke chumba kingine akae na mlezi aliyewahi kuugua. Usimwache peke yake; anawashwa na anaogopa. Mpigie mzazi simu.

2. Waarifu wazazi wote siku hiyohiyo. Hapa ndipo vituo vingi hukwama, kwa kuhofia jina la kituo kuchafuka. Mtoto huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutoka, kwa hiyo ukiviona, wenzake wameshavuta hewa ileile. Ukinyamaza, unamnyima mjamzito ambaye hajawahi kuugua, mwenye kichanga nyumbani, na mtoto mwenye kinga dhaifu nafasi ya kuwahi kwa daktari. Hata chanjo, ikitolewa ndani ya siku 3 hadi 5 tangu kukutana na mgonjwa, huweza kuzuia ugonjwa au kupunguza makali yake. Jina la mtoto usilitaje.

3. Safisha midoli, vitasa na matandiko. Fungua madirisha.

4. Kagua kabla ya kumpokea tena. Vipele vyote viwe vimekauka na kufanya magaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vilipotoka. Pekua katikati ya nywele na nyuma ya masikio, vibichi hujificha huko. Wenzake waangalie kila asubuhi hadi siku ya 21 tangu walipokutana naye mara ya mwisho akiwa mgonjwa.

Maswali ya walezi

*Mwalimu, homa ikipanda nimpe nini?*
Parasetamoli kwa kipimo chake, mzazi akiridhia. Aspirini kamwe: yaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaodhuru ubongo na ini. Ibuprofen nayo iache mpaka daktari aseme.

*Aliyechanjwa huugua?*
Anaweza, ila mara nyingi kidogo tu, na vipele huenda visijae maji. Bado anaambukiza, naye mtenge vilevile.

*Mama mmoja anabanwa na kazi, ananisihi nimpokee mwanawe. Homa imeisha, vipele viwili tu vina maji. Nifanyeje?*
Pole, dada, najua inauma kumkatalia. Lakini viwili hivyo vinatosha kuambukiza. Mwambie kwa upole, umwombe amlete kesho kutwa mlangoni umkague kabla hajaingia kwa wenzake.