Xi'an kwa siku moja na washkaji, anzieni ukutani

Kwanza tuelewane kitu kimoja, kama mna siku moja tu Xi'an, huko China, basi wale askari wa udongo, zile sanamu za jeshi la kale, waacheni. Najua ndio kila mtu anawataka, wale waliogunduliwa 1974 na wakulima waliokua wanachimba kisima, lakini wako Lintong huko, nje ya mji kilomita kama 40, kwenda kurudi na foleni siku imeisha na mji wenyewe hujauona. Askari wapeni siku yao. Hii ni siku ya mji.

Jana yake usiku hakikisheni kila mtu ana pasipoti mfukoni, sio picha ya pasipoti, pasipoti yenyewe. Mshkaji wetu aliiacha hotelini akasema mi wananijua, tukakaa getini dakika arobaini tunamsubiri arudi nayo. Alipay au WeChat, zile app za kulipia, unganisheni na kadi ya benki mapema maana huko hata muuza maji anataka uskani tu, na ramani za Google hazifunguki, pakueni Amap, app ya ramani ya kichina. Powabenki pia, simu ikizima we huna hela, huna ramani, huna mkalimani.

Saa mbili asubuhi mkiwa geti la kusini, Yongningmen, metro laini ya 2 inawashusha hapo hapo. Ukuta wa mji ulijengwa enzi za ufalme wa Ming, miaka ya 1370, na mzunguko wake ni karibu kilomita 14, juu kupana kama barabara kabisa. Msiuzunguke mzima kwa miguu, mtajuta. Huko juu wanakodisha baiskeli, na kama kuna asiyejua kuendesha (yupo tu kila kundi) chukueni ya watu wawili. Mzunguko mzima na kusimama simama kupiga picha ni masaa mawili hivi, matofali yamekaa vibaya vibaya kwa hiyo makalio yatalalamika. Kiangazi jua ni kali na kivuli hakuna, ndio maana nasema asubuhi.

Mkishuka tembeeni kaskazini mpaka Mnara wa Kengele, sio mbali. Wa 1384 ule, na 1582 waliubomoa wakauhamishia hapo ulipo leo. Mi naona kuuangalia kwa nje inatosha, msipoteze muda kupanda.

Sasa hapa ndio msiharakishe, nyuma ya Mnara wa Ngoma ndio mtaa wa Waislamu, Wahui, wako hapo vizazi na vizazi. Ule mtaa mkubwa unaoanzia mnarani, Beiyuanmen, piteni mpige picha lakini tumbo liwekeni, ingieni vichochoro vya pembeni kama Dapiyuan au Sajinqiao ambako wenyeji wenyewe wanakula. Agizeni yangrou paomo. Fikiria supu na chapati ya asubuhi kwetu, ila huku mkate ni mgumu na unapewa bakuli tupu uumege mwenyewe vipande vidogo vidogo kama punje ya maharage, halafu bakuli linarudi jikoni wanalimwagia supu ya mbuzi au kondoo. Ukimega mapande makubwa wanakuona mgeni na katikati hayalainiki. Kumega kote huko kunaweza kula nusu saa, ndo muda wenu wa stori huo. Kuna na roujiamo, mkate umejazwa nyama, mtaani hapa ni ng'ombe au kondoo lakini ukiikuta sehemu nyingine za mji mara nyingi ni kitimoto, kwa hiyo wasiokula angalieni maandishi 清真 mlangoni, yanasomwa qingzhen, ndio halali.

Humo humo ndani kuna Msikiti Mkuu. Mtaupita bila kujua maana hauna kuba wala mnara mrefu, ni mapaa ya kichina, bustani na ua baada ya ua, ukiambiwa ni hekalu unakubali. Wote umelala mashariki kwenda magharibi kwa sababu kibla huko ni magharibi, yani sisi tuliozoea kuelekea kaskazini mtu unajikuta unageuka geuka kwanza. Ukumbi wa sala ni wa Waislamu tu, wengine mnaishia uwani, na vaeni vya heshima.

Kuna atakayetaka kukodi hanfu, yale magauni ya zamani. Mkubalieni ila muwekeeni muda, maana nywele na mekapu tu ni zaidi ya saa nzima.

Jioni pandeni laini ya 2 kutoka Zhonglou, kituo cha Mnara wa Kengele, badilisheni Xiaozhai mchukue laini ya 3, kituo kimoja tu mko Dayanta, penye pagoda, mnara wa Kibudha. Pagoda ile ilijengwa 652 kutunza vitabu alivyorudi navyo mtawa Xuanzang kutoka India. Usiku inawashwa taa, na upande wa kusini kuna barabara nzima ya taa na watu wamevaa kama enzi za ufalme wa Tang, watu mpaka basi. Kubalianeni sehemu moja ya kukutana kabla hamjaingia, kwa sababu mtapotezana na mtaombwa picha na watu msiowajua kila hatua tano. Tarehe 1 Oktoba na wiki yake, sikukuu ya taifa lao, msithubutu kabisa.

Metro haikeshi, jina la hoteli kwa kichina mpige skrinishoti kila mtu kwenye simu yake, mkikosa treni mnamwonyesha dereva wa taksi.