Kuifanya Besi Ipishe Kiki kwa Saidicheni

Kompresa, yaani kifaa kinachoibana sauti inapozidi kiwango fulani, kwa kawaida huisikiliza sauti ileile inayoibana. Ukiipa ingizo la saidicheni, yaani njia ya kusikiliza sauti ya traki nyingine, kompresa iliyo kwenye traki ya besi itaisikiliza kiki (ngoma kubwa ya mdundo) na kuishusha besi kila kiki inapopiga, hivyo ala hizi mbili, ambazo zote hutegemea masafa ya chini, hazitagombania nafasi moja. Maelekezo haya yanatumia REAPER, programu ya kurekodi na kumiksi muziki, ingawa kanuni yenyewe ni ileile katika programu nyingine.

Buruta kutoka kitufe cha Route cha traki ya kiki hadi kwenye traki ya besi. Katika dirisha litakalofunguka, elekeza sauti iingie chaneli 3/4 badala ya 1/2, kwa sababu ikiingia 1/2 itachanganyika na besi yenyewe na kusikika mara mbili. Chagua pia itumwe kabla ya feda, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya traki. Usipofanya hivyo, kila utakapopunguza sauti ya kiki wakati wa kumiksi, kompresa nayo itabadilika bila wewe kukusudia. Kisha weka ReaComp, kompresa ya REAPER yenyewe, kwenye besi na, mahali pa kuchagua sauti ya kusikilizwa, teua Auxiliary Input L+R.

Anza na resho (kiasi cha kubana) ya 4:1 na ataki (muda wa kompresa kuanza kubana) fupi ya milisekunde 1 hadi 5, halafu shusha kizingiti, yaani kiwango cha sauti kinachoiamsha kompresa, taratibu mpaka mita ionyeshe besi inapungua kwa desibeli 4 hadi 6.

Rilizi, yaani muda wa kompresa kuiachia sauti, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, na kwa maoni yangu ndipo miksi nyingi zinapoharibikia. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde: wimbo wa mapigo 100 una milisekunde 600, na hapo rilizi ya 200 inaiachia besi muda wa kutosha kurudi kabla ya kiki inayofuata. Katika singeli ya mapigo 240, pigo zima ni milisekunde 250 tu, kwa hiyo rilizi hiyohiyo itaiacha besi imezama karibu wimbo mzima. Ifupishe hadi 60 au 80, lakini ukisikia besi inakwaruza, irefushe kidogo.

Ikiwa ngoma zote zimo katika faili moja, tumia kichujio cha ReaComp kinachopitisha masafa ya chini, ukikiweka karibu na hezi 120, ili haieti (visahani) na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zisiiamshe kompresa. Na ukitaka besi iendelee kupumua, yaani kushuka na kupanda, hata pale kiki inaponyamaza, nakili traki ya kiki, ijaze mapigo sehemu hizo, uitumie nakala hiyo kuiamsha kompresa, na uondoe alama inayoipeleka kwenye masta (traki kuu ya wimbo mzima) ili isisikike. Usiizime kwa kitufe cha kunyamazisha, maana hapo hata saidicheni haitapata kitu.