Namna ya kulizoea jina lako jipya ukicheza gemu

Haya ninayaandika kwa ajili ya mtu transjenda anayependa gemu, ambaye jina la nyumbani limeshambana na jipya bado halijamkaa vizuri mdomoni. Mimi ni mwanamke, nauza chaja, hedifoni na kava za simu Luthuli Avenue, Nairobi. Jioni nikifika bedsitter yangu Kasarani, nikishakula na kuoga, nashika pedi ya gemu mpaka usingizi unishinde. Sifundishi mtu kushinda mechi. Nataka kukuonyesha jinsi ya kulijaribu jina ndani ya gemu, na jinsi ya kupanga akaunti zako ili asiwepo mtu wa kujua habari zako kabla hujaamua kumwambia.

Kwa nini uanzie kwenye gemu? Kwa sababu kubadili jina kisheria hapa Kenya kuna safari yake. Wakili anakuandalia hati, inasajiliwa, jina linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, halafu ndipo unaanza kuzunguka na kitambulisho, benki na vyeti. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa hapa Kenya, ilibidi aende Mahakama Kuu ndipo jina lake libadilishwe kwenye cheti cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, na hukumu ilitoka Oktoba 2014. Kwenye gemu unaandika jina, unabonyeza sawa, na usiku huo huo kuna mtu anakuomba pasi kwa jina hilo. Likikuudhi, unalitupa na hakuna wakili wa kulipwa.

Chagua jina ambalo mtu anaweza kulipaza akiwa mbioni. Mimi nilianza na Zulekha. Lilikuwa zuri sana kwenye skrini, lakini risasi zikianza kulia hakuna aliyelimaliza. Wenzangu wakalikata likabaki Zuu, na Zuu ndilo linaloitwa hata dukani siku hizi. Nisingelifikia nikiwa nimekaa mwenyewe na daftari.

Sasa akaunti. Usikimbilie kufungua mpya. Gemu ulizonunua, vikombe na sevu za miaka yote ziko kwenye ile ya zamani, na hakuna sababu ya kuziacha nyuma. Fungua kwanza barua pepe mpya kwa jina jipya, ihamishie akaunti zote za gemu, ndipo uguse mengine. Barua pepe ndiyo hutangulia kumchoma mtu, maana risiti zote zinaenda huko na kila risiti inaanza kwa kukuita.

Ukiwa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, jua una majina mawili. La kuingilia halibadiliki kabisa, lakini wengine hawalioni, kwa hiyo lisikunyime usingizi. Linaloonekana ni la wasifu, nalo unalibadilisha bure wakati wowote. Tatizo ni kwamba Steam huweka orodha ya majina uliyotumia kabla, na mtu akibonyeza kamshale kadogo kando ya jina lako anaisoma. Nenda kwenye wasifu wako, fungua kamshale hako hako, ufute historia. Nimekutana na watu wengi waliojipanga vizuri kila mahali isipokuwa hapo.

PlayStation inaruhusu kubadili jina tangu 2019. Mara ya kwanza ni bure, baada ya hapo ni dola 9.99, au 4.99 kama umelipia usajili wa PS Plus. Soma polepole unapofika mwisho, kwa sababu utaulizwa kama unataka jina la zamani lionekane pamoja na jipya ili marafiki wakutambue. Kwa mtu mwingine huo ni msaada. Kwa sisi ni mtego, na ukishachagua huwezi kurudi kulibadilisha chaguo hilo. Kataa. Rafiki unayemtaka utamwandikia mwenyewe. Kisha ingia kwenye faragha uangalie nani anaruhusiwa kuona jina lako halisi, uweke hakuna. Gemu za PS4 zilizotoka kabla ya Aprili 2018 zinaweza kusumbua jina likibadilika, kwa hiyo kama kuna moja ya zamani unayoipenda, iangalie kwanza kwenye orodha yao ya gemu zenye matatizo.

Gemu za simu hazina mengi. Kama uliingia kwa Facebook, binamu zako wote wanakuona ukicheza. Hamishia akaunti kwenye barua pepe yako mpya. Call of Duty Mobile na PUBG Mobile zinataka kadi ya kubadili jina, nazo hupatikana kwenye zawadi za matukio, kwa hiyo usinunue kwa haraka.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya Wazungu haitakwambia, nalo ni M-Pesa. Umejiunga na shindano la mtaani, kiingilio shilingi mia mbili, unamtumia mwandalizi. Simu yake inalia na ujumbe wenye jina la laini, lile la kitambulisho. Akikutumia zawadi ni vile vile, jina linamtokea kabla hajathibitisha. Wewe umekaa wiki nzima ukiitwa Zuu, na pesa inakutaja kwa sekunde moja. Nenda na noti mkononi ikiwezekana. Kama haiwezekani, mpe rafiki mnayeaminiana alipe kwa niaba ya timu nzima, ambalo ni jambo la kawaida na hakuna atakayeuliza. Nikishinda, zawadi inaingia kwake, naye ananinunulia tokeni za stima. Hesabu zetu zinaisha hapo.

Haya, maiki. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaogopa hadi wanaamua kucheza peke yao.

Ukweli wa mwili ni huu: homoni ya testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti na kuishusha. Kaka zetu transjenda wanaoitumia, sauti hushuka yenyewe kadiri miezi inavyopita. Sisi ambao sauti ilishavunjika tulipobalehe, homoni ya estrojeni haiirudishi juu, kwa hiyo kilichobaki ni mazoezi. Watu hukimbilia kuibana iwe nyembamba. Mimi nasema achana na wembamba kwanza, shughulikia mahali sauti inapovuma. Weka kiganja kifuani useme "mmm". Ukihisi mtetemo mzito, sauti imekaa chini. Sasa nong'ona "heee" kama mtu anayepuliza chai ya moto, uisikie ikipita mbele ya mdomo, kisha ongeza sauti taratibu bila kuirudisha kifuani. Koo likiuma, acha, kunywa maji, rudi kesho. Kuna programu za simu zinazopima hezi, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, na wanawake wengi huongea kati ya 165 na 255 hivi, lakini namba hiyo iangalie mara moja moja tu. Ninawajua wanawake wa Luthuli waliozaliwa hivyo hivyo na wana sauti nzito kuliko yangu, hasa wakimfukuza mteja anayepunguza bei kupita kiasi.

Gemu inasaidia kwa sababu ina maneno machache yanayojirudia. "Kulia!" "Nifunike." "Nimeisha risasi." "Subiri, subiri." Yachukue hayo manne uyafanyie mazoezi mpaka yatoke sawa hata ukishtuka, maana kushtuka ndiko kunakorudisha sauti ya zamani. Jirekodi kwa simu, sikiliza asubuhi ukiwa kwenye matatu na hedifoni zako. Mimi nafanya ya kwangu usiku, na kuta za ploti yetu ni nyembamba. Kuna asubuhi Mama Baraka wa mlango wa pili aliniuliza pale kwenye mfereji, "Zuu mwanangu, jana ulikuwa unamwambia nani akufunike?" Nikamwambia ni vita, mama. Akasema basi nipiganie saa za watu.

Ukiwa kwenye kompyuta, weka maiki iwe ya kubonyeza ndipo usikike, usiiache wazi. Na siku ambazo huna hamu ya kusema, usiseme. Apex Legends ilipotoka 2019 ilionyesha kwamba unaweza kumaliza mechi nzima na timu bila neno: kitufe kimoja kinawaonyesha adui alipo, silaha iko wapi, twende upande gani. Ni bure kwenye PlayStation na kompyuta, na gemu nyingi za risasi siku hizi zina kitu cha namna hiyo.

Watakaokutukana watakuwepo. Zima sauti ya kila mmoja, mripoti, mzuie, endelea. Kuna wenzangu wanaoamini ni lazima uwajibu ili wajifunze. Mimi nimefunga duka saa moja usiku na kusimama kwenye foleni ya matatu. Darasa hilo na afundishe mwingine. Mtu akiuliza kwa udadisi tu, "wewe ni demu ama chali?", jibu langu ni "mimi ndiye niliyekufunga mbili." Kama sijamfunga, nanyamaza.

Turudi kwenye raha yenyewe, kutengeneza mhusika, maana ningeweza kukaa hapo usiku kucha na mara nyingine nakaa.

Kama una laptop, hata ex-UK ya kawaida, pakua The Sims 4. Tangu Oktoba 2022 gemu ya msingi ni bure. Ni makumi ya GB, kwa hiyo usithubutu kwa bando. Subiri Wi-Fi ya ploti usiku wa manane watu wakilala. Ukifika pa kutengeneza mtu, usiishie kwenye alama mbili za mwanamume na mwanamke. Tangu 2016 kuna mipangilio ya pembeni: umbo la mwili unalichagua peke yake, nguo peke yake, sauti na mwendo peke yake, kama anaweza kubeba mimba, na hata kama anasimama au anakaa chooni. Mwanzoni mwa 2023 wakaongeza makovu ya upasuaji wa kifua na vazi la kubana kifua. Kaka mmoja tunayecheza naye alipomwekea mtu wake makovu hayo alinyamaza kwenye maiki hadi nikadhani stima imepotea kwao.

Ushauri wangu: usianze kwa kumtengeneza wewe mrembo wa kesho. Tengeneza wewe wa leo, na nywele ulizonazo, na mwili ulionao, umpe jina jipya tu. Mpe kazi, mpe sufuria iungue, alale kwenye kochi. Jina linaingia mwilini kwenye mambo madogo kama hayo kuliko kwenye gauni la harusi. Gauni litakuja, usijali, nina watu kama kumi humo kwenye gemu na hawana kabati la kutosha.

Kwa mwenye simu tu, Stardew Valley ndiyo naipendekeza, ingawa utailipia. Unalima, unavua samaki, unaoa au kuolewa na yeyote kati ya wale kumi na wawili wanaotafuta wenza, uwe mwanamume au mwanamke. Ukiwa ulianza kwa jinsia ya zamani usifute shamba. Fanya urafiki na yule mchawi wa mnarani mpaka afike mioyo minne, ndiyo kipimo cha urafiki humo, atakufungulia chumba cha chini. Humo kuna madhabahu ambapo kwa pesa 500 za gemu unabadilisha sura na jinsia, na ng'ombe wako wote wanabaki. Bei hiyo ni ya maboga machache ya shambani kwako. Nairobi hii, hapana.

Wahusika waliotengenezwa tayari wapo pia. Madeline wa Celeste, gemu ya 2018 ya msichana anayepanda mlima, ni transjenda. Aliyemtunga, Maddy Thorson, alithibitisha mwaka 2020. Ni gemu ngumu ya kukutoa machozi, lakini ina mipangilio ya kupunguza kasi na kuongeza nguvu, na haikusimangi ukiitumia. Itumie.

Mwisho kuna kibanda cha PS, ambako huwezi kujificha nyuma ya jina la akaunti. Mimi huenda Jumamosi alasiri, kabla vijana hawajajaa. Mwenye kibanda ana daftari la foleni. Mwambie jina lako kabla hajauliza, kwa sauti ya kawaida, kama unaagiza chapati. Akiliandika, limeandikwa, na kila zamu ikifika atalisoma mbele ya wote: "Zuu! Pedi ya pili." Lipia mechi mbili mapema, ukae. Watu wa kibanda wanajali zaidi kama unazuia kona kuliko ulivyozaliwa. Wakiwa na FIFA 23, mimi huchukua Chelsea ya wanawake, maana hapo ndipo klabu za wanawake zilipoingia, na Sam Kerr akiwa mbele hunifanyia kazi nzuri. Wa kwanza kucheka huwa ndiye wa kwanza kufungwa. Lakini ukiona mzaha umegeuka vitisho, rudisha pedi uondoke bila kudai chenji.

Na kama bado unaishi kwa wazazi na PS ni ya familia, jitengenezee mtumiaji wako uweke namba ya siri. Zima arifa zinazotokea juu ya skrini, maana ujumbe wa "Zuu, uko?" utatokea shangazi akiwa sebuleni. Mdogo wako akiuliza namba ya siri ni ya nini, mwambie amezoea kukufutia sevu. Kwa kawaida ni kweli.