Kopo la maneno kwa watoto wa gredi ya 3 na ya 4

Mwalimu wa Lamu, unapofundisha msamiati usianze na kamusi. Mtume mtoto akayawinde maneno: kwa fundi wa majahazi, jikoni, barazani wanapoketi wazee. Atarudi na foromali (mti wa tanga), kalafati (pamba ya kuziba nyufa za chombo), demani (kamba ya tanga), tena akiwa na hamu ya kuyatamka.

Kata katoni vipande vya ukubwa wa kiganja viwe kadi, na kila mtoto awe na makopo mawili: kadi mpya zikae katika la kwanza. Mbele pawe na neno na picha aliyoichora mwenyewe. Nyuma, wingi wake na sentensi aliyoisikia hasa, si ya kubuni. Huo wingi ndio husahaulika. Mtoto anaujua usukani vizuri, kisha anaandika "misukani imevunjika" badala ya "sukani zimevunjika".

Maneno 3 kwa wiki yatosha. Ukidai 20 atanakili kamusi usiku, na asubuhi hana hata moja. Wala usimtuze mwenye kopo lililojaa, hesabu yaliyotumika. Kadi ihamie kopo la pili mtoto akishalitumia neno mara 3, kwa siku tofauti, katika mazungumzo au insha.

Akileta neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, mfano mato au nti, lipokee, kisha aandike macho au nchi nyuma ya kadi, maana mtihani hutaka sanifu. Kukosolewa mbele ya wenzake ndiko humfanya aache kuleta.

Ijumaa tenga dakika 10: mmoja achomoe kadi kutoka kopo la pili na kuigiza, wengine wakisie. Neno lisilotambuliwa na yeyote lirudi kopo la kwanza.