Jinsi ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Uso Unaocheza Bila Hiari Baada ya Kupooza

Neva ya uso inapoota upya baada ya kupooza, baadhi ya nyuzi zake hupotea njia na kuingia katika misuli isiyo yake, na ndiyo maana jicho hufumba mgonjwa anapotabasamu. Usikimbilie kisu. Anza na mazoezi ya kuufundisha uso upya mbele ya kioo, polepole na bila kutumia nguvu, pamoja na sindano za botulinamu, ambazo hulegeza misuli kwa takriban miezi 3 hadi 4.

Nafuu isipotosha, na neva ikiwa imekwisha kutulia, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji mwaka 1 au zaidi, omba kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wa uso. Mpelekee video fupi za uso ukiwa umetulia, ukitabasamu na ukitamka maneno, kwa maana picha mnato huficha mengi. Mwombe pia ajaribu kwanza kwa ganzi: sindano ndogo kwenye msuli unaovuta pembe ya mdomo chini huweza kuonyesha, kwa muda mfupi, tabasamu litakavyokuwa msuli huo ukikatwa.

Upasuaji mpana zaidi hukata matawi ya neva yanayopingana na tabasamu. Mgonjwa akiwa katika nusukaputi, daktari husisimua kila tawi kwa umeme hafifu, hutazama ni msuli upi unaoruka, kisha huyaacha yale yanayoinua mdomo. Uliza waziwazi kuhusu hatari ya mdomo kudhoofika, jicho kutofumba vizuri na dalili kurudi. Mazoezi huendelea baada ya kidonda kupona.